Meno Mia Moja Ishirini na Saba

Juzi mjukuu wangu Solange, yule anayesoma hesabu pale université, aliniletea karatasi yenye namba ndefu kuliko mkono wa shati langu. Akaniambia niisome. Nikamwambia mzee aliyestaafu hasomeshwi vitu vya namna hiyo kabla ya chai. Akacheka, chai ikaja, nikavaa miwani. Namba yenyewe ni hii: 170141183460469231731687303715884105727.

"Nkambo," akasema, yaani babu, "hii yote haigawanyike. Utafute mupaka wapi, hautapata ya kuigawanya. Paka moya, na yeye mwenyewe."

Nikamuuliza hiyo isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe ameitoa wapi. Akaniambia ni rahisi: andika mbili, uizidishe kwa mbili, tena kwa mbili, mpaka uwe umetumia mbili mia moja na ishirini na saba, kisha utoe moja. Hapo niliweka kikombe chini.

"Umesema mbili ngapi?"

"Cent vingt-sept, Nkambo."

"Ile mi naijua vizuri," nikamwambia. "Ile nusu itufukuzishe mu mugini."

Ninyi vijana mnaoingia kwenye atelier, karakana zetu, siku hizi, nawaandikia ninyi. Najua hamsomi mambo marefu, lakini kaeni kidogo. Nilikuwa fraiseur maisha yangu yote, kwanza Likasi, halafu Lubumbashi. Fraiseuse ni mashine ya kukata chuma kwa kisu kinachozunguka, na kazi tamu kuliko zote kwenye mashine hiyo ni kukata meno ya pignon, yale magurudumu yanayosukumana ndani ya lori, ndani ya pampu, kila mahali. Leo mnagusa kioo, mnaandika 127, mnaenda kunywa sucré, mkirudi pignon imekwisha. Siwaonei wivu. Kidogo tu.

Sisi tulikuwa na diviseur. Ni kichwa cha chuma chenye mkono wa kuzungusha. Ukizungusha mkono mara arobaini, kipande unachokata kinazunguka mara moja. Nyuma ya mkono kuna sahani yenye duru za matundu, na mkono una kijiti kinachoingia kwenye tundu ili usimame palepale. Unataka meno arobaini? Kila jino, mzunguko mmoja. Themanini? Nusu mzunguko. Mia moja na ishirini? Theluthi. Hata mtoto wa shule atakuelewa. Lakini kuna namba ambazo sahani hazina matundu yake, na huwezi kuzivunja ziwe ndogo kwa sababu hazina vipande. Vitabu vya Kiswahili vinaziita namba tasa. Sisi hapa tunasema nombre premier. Mwalimu wangu, Papa Mukendi, aliziita bichwa nguvu.

Papa Mukendi nitamweleza sasa hivi. Kwanza niwape mambo mawili ya mikono, maana najua nitasahau.

La kwanza, mkono wa diviseur unazungushwa upande mmoja tu. Ukipita tundu lako, usirudi kidogo ukaingiza kijiti ukadhani umemaliza. Ndani mna nafasi, meno hayashikani sawasawa. Rudi nyuma sana, halafu uje tena polepole kwa upande uleule. Nimeona pignon nzuri ikiharibika kwa sababu mtu aliona aibu kurudi nyuma.

La pili, anayehesabu hasalimiwi. Kwenye atelier yetu tulikuwa na kitambaa chekundu. Kikining'inia juu ya fraiseuse, hakuna bonjour, hakuna "habari ya batoto", hakuna kitu. Siku moja patron mwenyewe, tajiri wa atelier, aliingia, akamsalimu Papa Mukendi mara tatu, na Papa Mukendi akaendelea na chuma chake kama vile aliyeingia ni upepo. Patron akatoka nje amevimba. Baada ya nusu saa Papa Mukendi alishusha kitambaa, akamfuata mpaka kwenye malori, akamshika mkono kwa heshima zote: "Patron, bonjour. Sasa niko nakuona." Patron alicheka, lakini hakulisahau jambo lile.

Papa Mukendi alikuwa mtu wa Kasaï, mwembamba, mwenye hasira fupi na kicheko kirefu. Nasema wa Kasaï kwa sababu ndivyo watu walivyosema. Yeye aliletwa Lubumbashi akiwa mgongoni mwa mama yake, na Mbujimayi, mji wa huko Kasaï, aliijua kwa kuambiwa tu. Alikaa mtaa wa Bel-Air na mke wake Mama Ntumba na watoto watano, katika nyumba ya patron. Nyumba ilikwenda pamoja na kazi. Kazi ikiisha, nyumba inaisha.

Patron alikuwa mtu wa Kivu ya Kaskazini, tajiri wa malori, na atelier aliijenga kwa ajili ya malori hayo. Mwaka ule alinunua tour ya zamani iliyotoka upande wa Zambia. Tour ni mashine inayozungusha chuma ili ukichonge kiwe duara, na ndiyo inayochonga nyuzi za boulon, zile bolti za kukazia. Mashine nzuri, nzito, yenye nguvu, lakini ilizaliwa kwa inchi. Sisi huku tunaishi kwa milimita. Boulon zote za malori ya patron ni za milimita. Ukichonga kwenye mashine ya inchi bila kuirekebisha, nati inaingia mizunguko miwili halafu inagoma.

Sasa sikilizeni utamu wake. Inchi moja ni milimita ishirini na tano na nukta nne. Chukua inchi tano: ni milimita mia moja na ishirini na saba kamili, bila hata unywele kubaki. Kwa hiyo ukiweka pignon ya meno 127 kati ya magurudumu ya ile tour, mashine ya inchi inaanza kusema milimita. Ingekuwa 120, ungetumia pignon ndogo mbili tatu ukafika. Lakini 127 haivunjiki. Ni yeye mwenyewe au hakuna, na ile tour ilikuja bila yeye.

Patron alikuwa na ingénieur wake, kijana mwenye shule, mtu wa adabu. Yeye alisema pignon iagizwe Afrika Kusini. Papa Mukendi akasema haina haja, ataikata hapa.

"Papa, 127 ni premier," ingénieur akasema. "Sahani zako haziwezi kuigawanya. Utafika mwisho jino la mwisho litakuwa jembamba."

"Haitakuwa nyembamba."

"Papa, ni hesabu."

"Na miye niko nafanya hesabu, haiko dua."

Patron aliwasikiliza wote wawili, na nadhani alikumbuka ile bonjour yake. Akasema: mpaka lundi, yaani jumatatu, asubuhi. Kama pignon ipo na ni sawa, vizuri. Kama haipo, fraiseuse na diviseur vitauzwa, pale patawekwa ghala la matairi, na Papa Mukendi atapumzika. Alisema "atapumzika" kwa upole kabisa. Sote tulielewa. Papa Mukendi alikuwa na ndugu mmoja Mbujimayi, na treni ya Kasaï ilikuwa inaondoka ijumaa ya wiki ile inayofuata. Mama Ntumba aliambiwa jioni ileile, akaanza kuulizia nafasi.

Tulikuwa na diski moja tu ya chuma, pana kama sahani ya bukari, ugali wetu, iliyomiminwa na fundi wa karibu na Naviundu. Moja tu, na fundi mwenyewe alikuwa amefunga moto wake mpaka mwezi ujao.

Mbinu ya Papa Mukendi ilikuwa hivi. Unapanga diviseur kana kwamba unakata meno 120, yaani theluthi ya mzunguko kwa kila jino. Lakini sahani yenyewe huifungi. Unaiunganisha na pignon za pembeni, moja ya meno 56 na moja ya 24, ili kila unapozungusha mkono, sahani nayo isogee kidogo kinyume chako. Tundu linakuja kukupokea kabla hujafika. Kila hatua inakuwa fupi kidogo kuliko ya 120, na ukizunguka mpaka mwisho umepata 127. Aliandika yote kwenye ukuta kwa chaki. Hamsini na sita kwa ishirini na nne, yaani saba kwa tatu. Solange ameniambia kitu kuhusu hiyo saba na tatu, nitakirudia.

Ili sahani iende kinyume, kati ya zile pignon mbili unaweka nyingine mbili za kupitisha tu, zisizobadilisha hesabu. Ukiweka moja badala ya mbili, sahani inageuza njia na kukufuata. Hiyo ndiyo tofauti yote, pignon moja ya kupitisha.

Alhamisi tulipanga kila kitu. Ijumaa alfajiri ikaja habari ya kilio: shemeji yake Papa Mukendi, aliyefariki wiki ile, anazikwa siku hiyohiyo. Hawezi kukosa. Alikuwa ametoa mpango wote kwenye mashine ili apake mafuta, akaniachia mezani.

"Panga tena polepole," akaniambia. "Lakini usikate kabla ya miye kurudia. Unasikia, Chola?"

"Nasikia, Papa."

Nilisikia kwa masikio tu. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, mke, watoto wawili, na brevet yangu, cheti cha ufundi cha Likasi, ukutani ndani ya kioo. Nilijiona. Nikasema moyoni, mzee akirudi akakuta pignon imekwisha, atafurahi vipi! Nikapanga. Pale Likasi diviseur yetu ilikuwa ya namna nyingine, na ili sahani iende kinyume tuliweka pignon moja ya kupitisha. Mikono yangu ikaweka moja. Ile ya pili ilibaki mezani karibu na kopo la mafuta, nikaiona, nikadhani ni ya akiba.

Sikuwa mjinga kabisa. Nilifanya mzunguko wa kugusa: unapitisha kisu kijuu juu, kinaacha mstari mwembamba tu kila mahali pa jino, mpaka mzunguko mzima uishe. Kama umekosea, mstari wa mwisho hauangukii juu ya wa kwanza. Unaona pengo, unasimama, hujaharibu kitu. Ndivyo tulivyofundishwa wote. Basi nikagusa, nikagusa, nikafika mwisho, na mstari wa mwisho ukaangukia juu ya wa kwanza sawasawa kabisa. Niliimba, vijana. Nikaning'iniza kitambaa chekundu, nikashusha kisu mpaka kina chake, nikakata asubuhi nzima na saa sita ikapita.

Nilipofungua, meno yalionekana manene. Nikapiga chaki jino la kwanza, nikahesabu. Mia moja kumi na tatu.

Nikahesabu tena. Mia moja kumi na tatu. Sioni aibu kuwaambia kwamba nilikaa chini kwenye vumbi la chuma. Nilimwona Papa Mukendi na watoto watano kwenye treni. Nikaiona sura ya ingénieur. Halafu, na hili ndilo linaloniuma mpaka leo, nikaanza kutafuta uongo. Nitasema diski ilikuwa na ufa. Ilipasuka mashinani. Lawama iende kwa fundi wa Naviundu. Nikatia pignon ndani ya gunia, nikatoka kwa miguu mpaka kwenye daraja la mto Naviundu ili niitupe majini.

Pale darajani nilisimama na gunia. Kulikuwa na mama mmoja anauza vitumbula. Nikaitoa pignon, na badala ya kuitupa nikaanza kuihesabu tena, sijui kwa nini. Kidole kikawa kinapita jino kwa jino, midomo inasogea.

"Papa," yule mama akaniuliza, "ile chapelet yako iko ya chuma?"

Rozari ya kusalia! Nikacheka na machozi yako machoni. Lakini kidole kilikuwa kimefika mwisho, na jino la mwisho lilikuwa nene sawa na la kwanza. Hapo ndipo swali likanishika. Nimekosea, ndiyo. Lakini kosa huacha pengo. Kwa nini hili limefunga? Nani aliyewahi kuona kosa lililo sawasawa hivi? Nilijaribu kuliacha swali, nikashindwa. Mtu mmoja tu Lubumbashi nzima angeweza kunijibu, na ndiye huyohuyo niliyekuwa namkimbia. Nikanunua vitumbula vinne, nikaelekea Bel-Air.

Papa Mukendi alikuwa amerudi kutoka kilioni, amekaa nje na shati jeupe. Sikukaa.

"Papa, nimeharibisha ile pignon."

Akaichukua, akaigeuza. Kisha akaanza, na majirani wote walisikia. Kichwa nguvu! Nilikwambia nini? Brevet yako iko ya kuuza karanga! Miye nimezika muntu leo, weye unanizika mara ya pili! Mama Ntumba alitoka ndani, akaangalia chuma, akaniangalia mimi, akaelewa. Alikaa kwenye ngazi bila kusema neno, na hilo lilinichoma kuliko kelele za mume wake.

Alipochoka nikasema, "Papa, lakini ilifunga."

"Ilifunga nini?"

"Mustari ya mwisho iliangukia yulu ya kwanza. Meno iko 113, yote sawa. Sababu gani ilifunga?"

Akahesabu mwenyewe, taratibu, mpaka 113. Akaipima kwa vidole hapa na pale. Nikaona hasira inamtoka usoni, na kitu kingine kinaingia.

"Ntumba," akasema, "leta Bic."

Aliandika juu ya karatasi ya mazishi, nyuma ya nyimbo. Akaniuliza niliweka pignon ngapi za kupitisha. Moja, nikasema. Akafanya hesabu upya na sahani ikifuata mkono badala ya kuukimbia. Kila hatua inarefuka badala ya kufupika. Akaandika jibu, akalipigia mstari mara mbili: 113.

"Chola, angalia. Katikati iko 120. Ukiongeza saba, 127. Ukitoa saba, 113. Weye ulienda ileile njia, lakini ulienda nyuma."

Akataka kujua kama 113 nayo ni kichwa nguvu. Hili mlijue, vijana, linaokoa muda: kujaribu namba kama 113 huna haja ya kuigawa kwa kila kitu. Jaribu mbili, tatu, tano, saba, basi. Kumi na moja mara kumi na moja ni 121, imeshapita. Kama ina kipande kikubwa, lazima iwe na kidogo pia, na vidogo umeshavijaribu. Tukajaribu, 113 ikagoma. Na 127 unaongeza kumi na moja tu, nayo inagoma.

"Na katikati yake?" nikauliza.

Tukaanza kupanda kutoka 113, moja moja. 114 ni ya mbili. 115 ni ya tano. 117 ni ya tatu. Tulipofika 119 tukasimama. Mimi nikasema hii nayo ni premier. Papa Mukendi akakubali, akataka kuiandika.

"Haiko," Mama Ntumba akasema kutoka kwenye ngazi.

"Unajua nini, Mama?"

"Niko nauzisha nyanya kila siku, milundo ya saba-saba. Nyanya 119 inatoka milundo kumi na saba. Haibakie hata moya."

Papa Mukendi alimgeukia mke wake. "Ulikuwa wapi miaka yote hii?" akamuuliza, na Mama Ntumba akacheka bila kutaka. Tukaendelea. 121 ni kumi na moja mara kumi na moja. 123 ni ya tatu. 125 ni tano tupu. Kati ya 113 na 127, namba kumi na tatu, hakuna hata kichwa nguvu kimoja. Nyumba mbili, na kati yake uwanja mtupu. Mikono yangu miwili ya kijinga ilikuwa imetoka nyumba ya kwanza ikaingia nyumba ya pili bila kukanyaga nje.

Tulikula vitumbula vyangu. Papa Mukendi alicheka mpaka akakohoa, halafu akaishika pignon kwa mikono miwili.

"Yule ingénieur alisema nini? Premier haigawanyike ku sahani."

"Njo vile alisema."

"Na hii iko nini?"

Solange nilipomsimulia hapa aliruka kwenye kiti. Akanionyesha jambo ambalo sisi watatu pale Bel-Air hatukulijua. Ukichukua mbili mbili tu, ukazizidisha, ukatoa moja, unapata tatu. Mbili tatu, utoe moja: saba. Mbili saba, utoe moja: 127. Na mbili mia moja ishirini na saba, utoe moja, ni ile namba yake ndefu ya karatasi. Zote bichwa nguvu, moja inazaa nyingine. Nikamwuliza kama ni lazima iwe hivyo. Akasema hapana, jaribu na kumi na moja: unapata 2047, na hiyo ni 23 mara 89. Nikamwuliza, na ile ndefu, ukiirudia tena ndani ya mbili? Akasema hakuna mtu duniani anayejua. Nilishindwa kulala mchana huo, mimi ambaye usingizi wa mchana ndio ajira yangu siku hizi. Tatu, saba, 127! Na Papa Mukendi aliipata 127 kwa saba na tatu. Solange anasema hiyo imetokea tu, haina maana yoyote. Labda. Mimi bado naichunguza.

Lundi asubuhi tuliingia ofisini kwa patron, Papa Mukendi mbele, mimi nyuma. Ingénieur alikuwepo. Papa Mukendi akaweka pignon mezani.

"Iko muzuri?" patron akauliza.

"Haiko ile ulituma. Hesabu."

Ingénieur akaihesabu kwa ncha ya kalamu. Mia moja kumi na tatu. Akahesabu tena. Akatoa kipimo chake mfukoni, akapima jino la kwanza, la mwisho, na mengine ya katikati.

"Ni sawa yote," ingénieur akasema polepole. "Na 113 ni..." Akaacha. Alivua miwani, akaifuta, akavaa tena. Nilikuwa nimemchukia mtu yule siku nne nzima, na pale nilimpenda, maana alikuwa na sababu zote za kunyamaza. "Patron, nilisema haiwezekani. Nilikosa. Diviseur ya Papa inaweza."

"Sasa nani alikata 113?" patron akauliza.

Papa Mukendi alifungua mdomo. Hadi leo sijui angesema nini, kwa sababu nilimtangulia. "Ni miye, Patron. Papa alinikataza. Nilikata bila yeye, na nilitaka kuitupa mu Naviundu nidanganye."

Patron aliniangalia, akaangalia chuma, akaangalia tena mimi. "Kama kosa yenu iko sawa hivi," akasema, "nataka kuona ile isiyo kosa. Mutoe volant ya lori lile lililokufa kule nyuma, muchonge diski. Siku tatu. Na weye njo utakata, haiko Papa."

Fikirini kama ningeitupa. Lundi tungeingia mikono mitupu, na uongo wa ufa. Ile aibu yangu ndiyo ilikuwa ushahidi pekee tuliokuwa nao, nami nilikuwa nayo ndani ya gunia juu ya maji. Nawaambia waziwazi, mkiharibu kitu leteni hicho kitu mezani, chote, na makombo yake.

Volant, lile gurudumu zito la injini, tulilichonga likawa diski. Siku tatu zile Papa Mukendi aliweka mikono nyuma. Hakugusa hata bisibisi. Niliweka pignon mbili za kupitisha, nikageuza mkono, nikaangalia sahani inakuja kunipokea. Niligusa mzunguko mzima, ukafunga, na safari hii sikuimba. Nilipiga chaki, nikahesabu mistari. Papa Mukendi akahesabu. Ingénieur akahesabu. Patron naye akavua koti akahesabu, akakosea, akapata 126, akarudia. Wote wanne tukafika 127, ndipo nikashusha kisu.

Alhamisi kabla ya saa sita tuliifunga kwenye tour, nikachonga boulon moja yenye nyuzi za milimita mbili, uzi hadi uzi. Patron akachukua nati kutoka kwenye lori lake. Akaizungusha kwa kidole kimoja, ikaenda, ikaenda, mpaka chini. Alimpa Papa Mukendi mkono, akasema, "Papa, bonjour," na wale waliokumbuka walicheka.

Papa Mukendi aliniomba nimsindikize nyumbani. Mama Ntumba alikuwa uani, kitambaa kichwani, vitu vimefungwa, maana treni ilikuwa ya kesho na alikuwa ameacha kuamini ahadi za wanaume wa mashine.

"Mama, tunabakia," akamwambia.

Alisimama. Akaziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yakaanza kutikisika. Kisha akakumbuka jiko lake la makaa, akapiga kelele: "Mama weee! Na mbabula nimesha kuipana! Nimeipana Mama Jeanne asubuhi, mbabula haipande mu treni!"

"Basi uende uiombe."

"Miye? Niombe kintu nilipana kwa mukono yangu? Weye njo mwenye kukata pignon, enda weye!"

Tulikwenda wote, yeye, mumewe, watoto watano na mimi, mpaka kwa Mama Jeanne, jirani wa nyumba ya tatu. Mbabula ilikuwa uani kwake, moto umewaka, na bukari iko juu yake inakaribia kuiva. Mama Ntumba alijaribu kueleza, akacheka, akalia, akashindwa. Mama Jeanne alimwangalia yeye, akaangalia safu yote ile nyuma yake, akaelewa.

"Sitaondosha bukari yangu ku moto sasa," akasema. "Ikaleni, tukule kwanza, kisha mutabeba mbabula."

Tukakaa chini. Papa Mukendi alinawa mikono, akakata tonge la kwanza, akalishika tu, machozi yanamtoka. Mama Jeanne akamsogezea mboga karibu, sombe ya majani ya muhogo.